Wimbo wa Tatu Ulikuwa wa Jiweni

Habari za msiba wa Valentino zilimkuta Esteria kwenye foleni ya maziwa, kidumu chake cha lita tano kikiwa bado na joto la kiwele, na mvuke ukimtoka kila mtu mdomoni kana kwamba wote wamemeza makaa. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa saba. Mwezi huo kijiji cha Kwai huamka na umande mweupe juu ya kabichi, na mtu hatoi mkono nje ya blanketi ila kwa jambo la lazima.

Edgar, mpima maziwa wa kituo, hakuchovya kipimio chake asubuhi ile. Alikishika tu wima, kama mtu aliyeshika mshumaa kanisani.

“Jamani,” alisema, “Valentino wa Blanketi ametutoka. Jana. Redio imetangaza sasa hivi.”

Vidumu viliacha kugongana.

Hapakuwa na mtu pale aliyewahi kumwona Valentino kwa macho, isipokuwa Mzee Hezekia, ambaye alidai kupeana naye mkono mjini Lushoto na akawa haelezi vizuri huyo mtu alikuwa mrefu au mfupi. Lakini walimjua. Miaka ishirini, kila Jumapili saa kumi na nusu, alikuwa akiwapigia muziki wa R&B, ule wa taratibu, wa Wamarekani weusi wenye sauti za kubembeleza. Wenye redio walimweka saa hiyo makusudi, ili walioimba kwaya wawe wameshakula na walioswali alasiri wawe wameshaswali. Watu wa mjini waliuita muziki wa wapendanao. Yeye aliuita muziki wa blanketi.

“Mke wangu alipolazwa Bumbuli,” Hezekia alianza, akavuta kamasi, “wiki tatu, wodi nzima ya akina mama ilikuwa na redio moja, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ikifika saa yake, manesi wanapunguza mwendo. Nawaambia kweli! Hata sindano zilichomwa taratibu.”

“Hizo sindano ulichomwa wewe au mkeo?” aliuliza Jenoveva, mama mnene mwenye ng'ombe wawili na mdomo wa watu kumi.

“Niliona kwa macho.”

“Mimi nimeolewa kwa ajili ya Valentino,” Jenoveva akasema. “Yule bwana wangu, Mungu amrehemu, hakuwa na neno hata moja kinywani. Anakuja kwetu na redio, anaiweka ukutani, anakaa kimya. Valentino ndiye anasema yote.”

“Na baada ya ndoa?”

“Baada ya ndoa betri zikaisha.”

Watu walicheka, kisha wakaona haya kucheka siku ya msiba, kisha wakacheka tena. Edgar akafuta macho kwa mkono wa koti. “Na wimbo wa tatu je? ‘Wimbo wa tatu ni wa jiweni, ajuaye anajua.’ Kila Jumapili, hajawahi kusahau. Alikuwa anatusalimu sisi wa Kwai. Nani mwingine huku milimani ana jiwe kama letu?”

Wote wakakubali kwamba wimbo wa tatu ulikuwa wao.

Esteria alikuwa ametazama nyuma, watu wawili kutoka kwake, aliposimama Mwanaidi na kidumu chake kilichozibwa kwa jani la mgomba, maana Mwanaidi hakuamini vifuniko vya plastiki, alisema vinayapa maziwa harufu ya duka. Mwanaidi alikuwa ameliondoa lile jani na kukiinamia kidumu chake, anatazama ndani, kama mtu aliyeona kitu kimezama mle. Alipoinua uso macho yao yakakutana.

“Hujambo, Mama Martin.”

“Sijambo, Mama Zakia.”

Wakaishia hapo, kama walivyoishia jana na juzi na miaka kumi na minne yote iliyopita.

“Jumapili hii,” Edgar alikuwa akisema, sasa akichovya kipimio, “saa ile ile, kipindi ni cha wasikilizaji. Unapiga simu, unasema unachokumbuka, unamsalimu unayemsalimu. Halafu basi, Blanketi linakunjwa. Kitakuja kipindi kingine.”

Esteria alimimina maziwa yake, akasuuza kidumu, akashika njia ya kurudi. Njiani aliwaza neno moja tu. Kama iko saa ya kumsalimu Mwanaidi ili Mwanaidi asikie, ni Jumapili hii saa kumi na nusu. Baada ya hapo sauti iliyowaunganisha itakuwa imezimwa, na wao wenyewe wana miaka sitini na minane, na goti la Esteria lilikuwa limeanza kulia kama bawaba.

*

Sasa jiwe lenyewe.

Nyumba ya Esteria iko bondeni, upande wa kusini wa kijito, na nyumba ya Mwanaidi iko ng'ambo, upande wa jua la asubuhi. Bondeni redio haishiki. Inakoroma tu kama mzee aliyelala chali. Lakini juu ya shamba la Esteria, ukipita matuta ya viazi na kingo zilizopandwa majani ya gwatemala, kuna jiwe pana, jeusi, lenye kitako kama cha kiti, ambalo wazee walisema liliporomoka toka juu zamani sana likaamua kupumzika pale. Ukikaa juu yake redio inasema wazi, kama mtu aliye chumba cha pili. Siku hizi hata simu hushika pale. Watu huliita Studio.

Ni Esteria na Mwanaidi walioligundua. Walipanda siku moja kumenya njegere juani, na redio ya Mwanaidi, ambayo alikuwa ameisahau imewashwa ndani ya kikapu, ikasema kwa sauti ya chini, ya usingizi, kutoka chini ya maganda:

“Onga mshi. Jifunikeni. Kwangu ukungu umefika dirishani. Kwenu umefika wapi?”

Wakatazamana. Mtu wa redioni anatoa salamu ya Kishambaa! Na kweli ukungu ulikuwa unashuka, umeshayameza mashamba ya juu. Mwanaidi akakiambia kikapu, “Umefika kwenye miwati,” ile miti iliyo juu ya mashamba. Tangu siku ile ikawa desturi. Valentino akiuliza, jiweni wanajibu. Umefika kwenye miwati. Umefika kwa Yohane. Umefika miguuni kwetu. Na yeye huko aliko ananyamaza kidogo, kama anayesikia, kisha anauachia wimbo.

Kiingereza hawakukijua. Darasa la saba walilolisoma liliwapa hesabu na nyimbo za taifa, Kiingereza kilibaki ubaoni. Lakini Valentino hakumwacha mtu nyuma. Wimbo ukifika katikati alikuwa anaingia polepole, bila kuukanyaga, anasema maana yake. “Anasema hivi: mlango sijaufunga, upepo ndio umeurudisha. Anasema: viatu vyako bado viko palepale ulipovivua.” Na akina mama wawili, mmoja ametoka kanisani na kitambaa chake cha kwaya, mwingine ametoka kwenye mswala na ushungi wake, walikaa chini ya blanketi moja la kijivu, njegere zikidondoka bakulini moja moja, na ukungu ukiwapitia mpaka mikono yao wenyewe hawaioni. Mwanaidi alikuwa akisema kwamba hivyo ndivyo wafu watakavyokuwa wakisubiri kufufuliwa, katika hali ya kuwa karibu na mtu usiyemwona. Esteria alimwambia asikufuru. Lakini na yeye alihisi hivyo.

Waliitana somo. “Somo, sogea.” “Somo, umekula?” Kwa jina la mtoto mtu humwita jirani tu. Somo ni mtu mnayefunikwa blanketi moja.

Ndipo ikaja kadi.

Redio ilikuwa inauza kadi za salamu, za rangi ya pinki, zenye mistari kumi. Unaandika majina, unaandika ujumbe, kadi inakwenda na gari la mboga mpaka Lushoto, na Valentino anaisoma. Esteria alipata kadi moja, zawadi ya mwanawe Martin. Aliijaza kwa wiki nzima, kwa penseli kwanza, kisha kwa kalamu. Akamsalimu Martin aliyeko Dar es Salaam. Akamsalimu Secilia dada yake aliyeolewa Mombo. Akamsalimu mchungaji aliyehamishwa, na dereva wa gari la maziwa, na nesi aliyemzalisha mkwewe Bumbuli, na wengine. Mstari wa kumi ulipobaki mtupu, akamsalimu ng'ombe wake, Malaika.

Jumapili hiyo Valentino aliisoma yote. Sauti yake ilipofika kwa Malaika ilitabasamu, ukaisikia kabisa inatabasamu, akasema, “Na wewe Malaika, popote ulipo, jifunike.” Jiwe zima likacheka, maana siku hizo watu wengi walishakuja Studio, Jenoveva, na Hezekia na mkewe, na wengine. Esteria alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuona kwamba upande mmoja wa blanketi umekuwa mwepesi.

Mwanaidi alikuwa ameinuka. Alikusanya njegere zake, hata zile ambazo hazijamenywa, akashuka.

Jumapili iliyofuata hakuja. Esteria alidhani anaumwa, akapeleka uji wa ulezi ndani ya chupa ya chai. Chupa ilirudi imejaa vilevile, moto vilevile. Jenoveva ndiye aliyemweleza, tena kwa furaha ya mtu aliyebeba habari nzito: “Amekasirika, mama. Umewasalimu watu mpaka ng'ombe, yeye umemruka!”

Esteria alisimama na ile chupa. Kumruka? Atamsalimuje mtu aliyekaa ubavuni pake, ambaye goti lake limegusana na lake? Tangu lini mtu anatuma salamu kwa aliye naye? Kwao Esteria, aliyeketi nawe humpi salamu za barua, maana kumpa ni kumwambia kwamba yuko mbali. Yeye alidhani Mwanaidi anajua. Kama hajui, alijiambia, na hasira ikampanda na yeye, basi wakati wote huo nilikuwa nafunikwa blanketi na nani?

Kwa hiyo hakwenda kueleza. Na Mwanaidi hakuja kuuliza. Kila mmoja alikaa kwake akingoja aombwe radhi, na kijito kikapita katikati. Kijito chenyewe si kitu, unakivuka kwa gogo moja la mkaratusi.

*

Jumapili ya kumkumbuka Valentino, jiwe lilijaa kama siku ya mavuno. Edgar alileta redio kubwa. Jenoveva alileta matunda ya plamsi ndani ya sufuria, akawa anawatemea watu kokwa miguuni. Hezekia alivaa suti. Esteria alikuja na blanketi la kijivu, lile lile, limeshonwa ncha mbili, na simu yake ya vitufe mfukoni mwa sweta. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Jumatatu, akikamua, akikata majani, akikoroga uji. Nitasema: namsalimu Mwanaidi, Mama Zakia, wa ng'ambo ya kijito. Basi. Atasikia. Atajua.

Alikuwa na hakika kwamba atasikia. Toka jiweni, hewa ikiwa safi, huonekana paa la Mwanaidi na mparachichi wake, na juu ya mparachichi ule waya wa antena uliofungwa miaka kadhaa iliyopita, umepinda kama ndoana. Esteria aliutazama kila Jumapili. Alijua ni wa nini.

Saa kumi na nusu. Sauti ya mwanamke, changa, iliyokuwa imelia. “Hapa ni Beatha. Mimi nilikuwa namfungulia Valentino milango ya studio na kumtengenezea chai ya tangawizi. Leo nakalia kiti chake na miguu yangu haifiki chini. Onga mshi. Jifunikeni. Ukungu kwenu umefika wapi?”

Na jiwe zima, wanaume kwa wanawake, likajibu kwa pamoja, “Kwenye miwati!”

Simu zikaanza. Mlinzi wa msitu kutoka Sigi alisema kwamba miaka mitatu mfululizo kinyonga alikuwa anapanda juu ya antena yake kipindi kikianza na kushuka kikiisha, na kwamba wenzake hawamsadiki lakini Valentino alimsadiki, alimuuliza hewani kinyonga anapendelea wimbo gani. Mama mmoja anayechuma chai alisema Jumapili ndiyo siku yake ya kufua sare za watoto mtoni, na povu lilikuwa linaondoka na wimbo, polepole, likizunguka mawe, na hajawahi kuchoka siku ya Jumapili. Dereva wa lori la kabichi alisema alikuwa akiegesha kona ile ya Soni ambako sauti hupotea, hasongi mbele mpaka wimbo uishe, na kabichi hazijawahi kulalamika.

Kisha akaja mzee aitwaye Ibrahimu, kutoka Mlalo. “Mimi sioni,” alisema. “Nimezaliwa hivi. Watu huniambia, ukungu, ukungu, mimi najua ni baridi tu ya mashavuni. Yule bwana alikuwa anaueleza. Anasema sasa umeingia kwenye mikaratusi, sasa imebaki vilele tu, kama watu waliosimama ndani ya maziwa. Mwanangu, ukungu nimeuona. Nimeuona kwa macho yake miaka kumi na minane. Sasa naomba kuuliza, nani ataniambia ulipofika?”

Beatha aliweka wimbo.

Wakati wote huo Esteria alikuwa anapiga. Alibonyeza, akasikiliza, akaambiwa namba inatumika. Akabonyeza tena. Kidole gumba kilimuuma. Saa ikafika kumi na moja, ikapita. Ukungu ukashuka toka kwenye miwati mpaka kwa Yohane, na paa la Mwanaidi likafifia, likawa kama kitu kinachokumbukwa. Kisha halikuwapo.

“Acha nikupigie mimi, mama,” alisema Edgar.

“Niache. Ni salamu zangu.”

Wimbo wa pili ukaisha. Beatha akakohoa.

“Valentino alikuwa na sanduku la viatu,” alisema. “Humo alitunza kadi na barua zenu. Nimelifungua juzi. Iko barua moja iliyokuwa juu ya zote, imekunjwa mpaka imechanika. Mwandishi ameomba jina lake lisitajwe wala la mwenzake, sitayataja. Lakini mmekuwa mkiuliza miaka yote kwa nini wimbo wa tatu ni wa jiweni. Naisoma.”

Jenoveva akaacha kutafuna.

“‘Bwana Valentino, baada ya salamu. Mimi ni mama mkulima. Kuna rafiki yangu aliandika kadi, akasalimu watu wote mpaka ng'ombe, mimi hakunisalimu. Nimemkasirikia na sitamsemesha mpaka anisemeshe. Lakini Jumapili saa kumi na nusu najua amekaa pale jiweni, na blanketi lile ni la watu wawili, upande mmoja unaingiza baridi. Yeye kifua chake ni kibovu toka zamani. Naomba kila Jumapili umpigie wimbo mmoja wa kumfunika upande wangu. Usimwambie. Akijua ni mimi ataringa.’”

Pale jiweni watu walikuwa wanamtazama Esteria, na Esteria alikuwa anatazama simu yake kana kwamba ndiyo iliyosema. Miaka kumi na minne. Hesabu hiyo ya Jumapili hakuweza kuifanya. Kila mara alipokuwa ameketi pale akiwaza kwamba yuko peke yake, Valentino alikuwa anasema wimbo wa tatu, na yeye alikuwa anavuta blanketi na kujisikia ana joto, na hakujua ni kwa nini.

“Kumbe haukuwa wetu,” Hezekia alisema taratibu.

“Nyamaza wewe,” Jenoveva akamwambia, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye plamsi.

Esteria aliinuka. Goti likalia. Alijitanda blanketi, akashika njia ya matuta bila kuaga, na ukungu ukamfunga nyuma yake kama pazia. Alishuka kwa kupapasa, majani ya gwatemala yakimlowesha mikono. Kule juu wimbo wa tatu ulikuwa umeanza, na sauti yake ilimfuata kwa nyuma, ikipungua, ikipungua, mpaka ikabaki kama kitu anachokisikia kifuani mwake mwenyewe. Kijito kilikuwa kinasema. Aliweka mguu mmoja kwenye gogo.

Gogo lilitikisika kabla hajapanda. Kulikuwa na mtu upande wa pili.

“Nani?”

“Nani wewe?”

“Mimi Esteria.”

“Najua ni Esteria. Unapumua kama ng'ombe.”

Mwanaidi alitokea ndani ya ukungu kidogo kidogo, kwanza ushungi, halafu uso, halafu redio yake ndogo aliyoikumbatia, inakoroma tu, wimbo umeipotea bondeni. Alikuwa amevaa kandambili za msalani. Alikuwa ametoka mbio.

“Nimekuja kukwambia siyo mimi niliyeandika,” alisema.

“Haya.”

“Usiringe.”

“Siringi.”

Walisimama, mmoja huku na mmoja kule, maji yakipita chini ya gogo.

“Mama Zakia,” Esteria alisema, “nilikuwa nataka kukusalimu leo redioni. Napiga toka saa kumi na nusu. Miaka ile sikukusalimu kwa sababu ulikuwa hapa.” Akagusa ubavu wake mwenyewe. “Salamu hupelekewa aliye mbali. Wewe ningekupelekeaje, nawe upo? Ningekuwa nakufukuza.”

Mwanaidi alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kokoto kwenye mchele.

“Na ng'ombe?” akauliza. “Ng'ombe naye alikuwa mbali?”

“Malaika alikuwa kwa dume.”

“Wapi?”

“Kwa Yohane, kule juu. Siku ya tatu. Umesahau? Wewe mwenyewe ulinisaidia kumswaga, akatukokota mpaka tukaangukia kwenye kabichi za watu.”

Kikamtoka Mwanaidi kicheko, kwanza puani, kisha mabegani, kisha mwili mzima, mpaka redio ikamponyoka na Esteria akaidaka juu ya gogo, maji yakiwa hatua moja tu chini. “Kwa dume!” alisema. “Miaka kumi na minne! Kumbe alikuwa kwa dume!” Na Esteria naye akashikwa, na wote wawili wakalishika lile gogo wasianguke, wakicheka kwa kite kama watu wanaolia, na labda walikuwa wanalia, nani angeweza kujua katika ukungu ule.

“Twende,” Esteria alisema mwishowe. “Kipindi kinaisha.”

“Nina kandambili za msalani.”

“Nani anakuona?”

Walipanda matuta wakishikana mikono, Mwanaidi mbele kwa sababu goti lake lilikuwa zima. Jiweni watu walisogea bila kusema kitu. Hata Jenoveva hakusema kitu, na hilo lilikumbukwa Kwai kwa muda mrefu. Wale wawili wakakaa mahali pao pa zamani, penye kitako cha kiti, na blanketi la kijivu likawazunguka likatosha, isipokuwa ncha moja iliyoshonwa, ambayo Mwanaidi aliigeuzageuza akaona mshono umekwenda upande.

“Nani alikushonea hivi?”

“Mwenyewe.”

“Inaonekana.”

Hapo simu ya Esteria ikalia. Alishtuka, akaishika kichwa chini. Edgar akamgeuzia.

“Haloo, hapa ni Beatha wa redioni. Namba hii imetupigia mara thelathini na moja. Nimesema mwenye namba hii hatufungi kabla hatujamsikia. Mama, uko hewani.”

Na kweli, kutoka kwenye redio ya Edgar, na kutoka kwenye redio ndogo ya Mwanaidi, sauti ile ile ilisema uko hewani. Edgar akawahi kuzipunguza. Milima yote ilikuwa inasikiliza. Sigi ilikuwa inasikiliza, na wodi ya Bumbuli, na Mzee Ibrahimu wa Mlalo na mashavu yake.

“Shikamoo, mama. Unapiga kutoka wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Jiweni.”

Huko redioni mtu akavuta pumzi. Kisha Beatha akasema polepole, “Na unamsalimu nani, mama?”

Esteria alifungua mdomo. Alikuwa amelipanga jina hilo wiki nzima, alilikamulia ndani ya ndoo, alilikata pamoja na majani. Lilikuwa ulimini, tayari. Ndipo mkono wa baridi, wenye harufu ya maziwa na jani la mgomba, ukaufunika mdomo wa simu.

“Usinitaje, somo,” Mwanaidi alimnong'oneza sikioni. “Watu watadhani niko mbali.”

Esteria alimtazama. Kisha akautoa ule mkono taratibu, akabaki ameushika.

“Mwanangu,” aliiambia simu, “sina wa kumsalimu. Ila mwambieni yule mzee wa Mlalo kwamba ukungu umefika miguuni kwetu.”